Geuza Jani Kwanza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ugonjwa wa Michirizi ya Viazi

Maswali ya viazi yametufikia kwa wingi, na karibu yote yanazunguka ugonjwa mmoja. Marekani wanauita "zebra chip", kwa sababu ukikata kiazi kilichougua na kukikaanga, kinatoka na michirizi myeusi kama ngozi ya pundamilia. Hapa tutauita ugonjwa wa michirizi. Tunaanza na wasomaji wanaoishi kule ambako ugonjwa upo kweli, kisha tutarudi nyumbani, ambako majibu ni mengine kabisa.

SWALI: Habari zenu wataalamu. Mimi ni Mkongomani, naishi Boise, jimbo la Idaho. Tuna bustani ya jumuiya, kila familia na kipande chake. Nimepanda mistari sita ya viazi, na kando nyanya na pilipili. Tangu mwisho wa Julai majani ya juu ya viazi yanajikunja kuelekea juu, yalianza njano sasa ni zambarau, na kwenye shina vimeota viazi vidogo vya kijani, hewani kabisa. Jirani amesema ni njaa ya mbolea. Nimeweka urea mara mbili, hakuna nafuu. Ni nini, na dawa yake ni ipi? — Baba wa watoto wanne, Boise

JIBU: Pole sana, baba. Urea iache. Mmea huo haukosi chakula. Chakula unacho, ila hakifiki kinakotakiwa.

Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na sukari hiyo hushuka kwa mishipa ya chakula, floemu, hadi kwenye kiazi kilicho ardhini. Bakteria wa ugonjwa wa michirizi, *Candidatus Liberibacter solanacearum*, anaishi ndani ya mishipa hiyo hiyo. Njia ikivurugika, chakula kinakwama juu, na mmea unakiweka akiba pale pale kilipokwama. Ndiyo hivyo viazi ulivyoviona kwenye makwapa ya majani. Angalia pia kama vifundo vya shina vimevimba na shina linakwenda kombokombo badala ya kunyooka. Hiyo ni dalili nyingine ya ugonjwa huu.

Lakini usihukumu kwa majani peke yake. Viazi vya hewani vinaweza pia kuletwa na kuvu wa *Rhizoctonia* anayekula shina chini ya udongo. Fukua shina moja hadi chini. Ukikuta kidonda cha kahawia kilichobonyea, mshukiwa ni huyo kuvu. Na rangi ya zambarau juu inaweza kuletwa na fitoplazma, kijidudu kingine cha ndani ya floemu kinachoenezwa na panzi-majani katika majimbo hayo ya kaskazini magharibi. Kinachotofautisha ni kiazi chenyewe. Ng'oa kiazi kimoja, kikate kuanzia upande wa kitovu, pale kilipoungana na mmea, kwa sababu dalili huanza na kukolea upande huo. Ukiona madoa ya kahawia kwenye duara la mishipa, na mistari inayotoka katikati kwenda pembeni, karibu una jibu. Ili uwe na hakika zaidi, kata vipande vya unene wa milimita moja na nusu, vikaange dakika tatu kwenye mafuta ya nyuzi 190 za Selsiasi. Michirizi iliyokuwa hafifu kikiwa kibichi itatoka nyeusi wazi. Neno la mwisho ni la maabara, kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya bakteria. Ofisi ya ugani ya kilimo ya jimbo ndiyo pa kuuliza wapi pa kupeleka sampuli.

Dawa ya kuponya mmea uliokwisha ugua haipo, na hili tunalisema wazi ili usitupe pesa. Bakteria yuko ndani ya mishipa, dawa ya kunyunyiza haimfikii. Anayepigwa vita ni mdudu mdogo anayemleta, silidi wa viazi, tutakayemweleza kwenye swali linalofuata, naye anapigwa kabla hajauma. Dalili hutokea kama wiki tatu baada ya maambukizi. Kwa hiyo rudisha kalenda nyuma: mimea yako iliyougua mwisho wa Julai ilifyonzwa na mdudu huyo mapema Julai. Mwaka ujao kazi yako ianze Juni.

Kwa sasa fanya hivi. Mimea iliyougua ing'oe alfajiri kukiwa na baridi, wadudu wakiwa wazito kuruka. Usiitikise. Uvike mmea mfuko wa plastiki ukiwa bado umesimama, funga, ndipo ung'oe. Mfuko ule uache juani siku kadhaa kabla ya kuutupa. Ukiikokota mimea katikati ya bustani, unawahamishia wadudu kwenye mistari ya jirani. Nyanya na pilipili zako ziko hatarini vilevile, kwani mdudu na bakteria wote wanaishi kwenye jamii nzima hiyo: viazi, nyanya, pilipili, biringanya na mnavu. Tazama pia uzio na kingo za mifereji. Kuna mnavu wa kutambaa wenye maua ya zambarau na vitunda vyekundu, *Solanum dulcamara*. Katika eneo lenu huo ndio makao ya mdudu majira ya baridi. Kuung'oa kando ya bustani kunapunguza wageni wa karibu, ingawa hakuzuii wale wanaokuja kwa upepo.

Kinga inayofaa zaidi bustani ndogo ni wavu, na wakulima wa New Zealand wasiotumia kemikali wameitegemea. Chagua wenye matundu yasiyozidi milimita 0.6, ufunike mara viazi vinapochomoza, na kingo zake zizikwe kwenye udongo pande zote. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanafunika mwezi mmoja baadaye, mdudu akiwa ameshaingia, na wavu unamlinda dhidi ya maadui zake. Kosa la pili ni kufunika halafu kusahau. Vidukari wachache wakipenya, huzaliana humo raha mustarehe. Funua kona moja kila wiki, tazama, ufunike tena. Ukiacha mwanya wa kiganja tu ukingoni, umefanya kazi bure.

Mwisho kwako, baba: viazi vilivyougua havina madhara kwa afya ya binadamu. Vina ladha mbaya tu, kwa sababu wanga wake umegeuka sukari na kemikali nyingine zimeongezeka. Visivyo na michirizi kuleni. Usiweke mbegu kutoka kwenye kipande hicho. Kiazi kilichougua mara nyingi hakichipui, na kikichipua hutoa machipukizi membamba kama nywele yasiyozaa kitu.

SWALI: Nafanya kazi kwenye shamba kubwa la viazi karibu na Twin Falls. Msimamizi amenipa kazi ya kukagua kadi za njano zenye gundi, anasema nitafute "psyllid". Naona wadudu mia wamenasa, wote wanafanana. Halafu jambo la pili: wiki mbili zilizopita kipande kimoja kilipigwa dawa ya jamii ya pareto ya viwandani, na sasa naona wadudu hapo wamezidi kuliko pale pasipopigwa. Inawezekanaje? — Msomaji, Twin Falls, Idaho

JIBU: Hongera kwa kuliona hilo la pili, ni jicho la mkaguzi. Tuanze na mdudu.

Huyu ni silidi wa viazi, *Bactericera cockerelli*. Aliyekomaa ana urefu wa milimita 2.5 hadi 3, yaani mdogo kuliko punje ya mchele, na umbo lake ni la nyenje aliyepunguzwa hadi akawa kibete. Mabawa ni angavu na yamelala mgongoni kama paa la nyumba. Mwili ni mweusi au kahawia iliyokolea, na tumbo lina mstari mweupe mwanzoni na mwingine mwishoni. Mistari hiyo miwili ndiyo ya kutafuta. Kidukari ni laini na mabawa yake hayakai hivyo. Nzi mweupe ana unga mweupe mwili mzima. Panzi-majani ni mrefu na mwembamba. Beba lenzi ya kukuza mara 10, bila hiyo utabahatisha. Silidi aliye hai ukimgusa anaruka kama kiroboto kabla hajafungua mabawa.

Kadi zikae ndani ya shamba mita chache tu kutoka ukingoni, kwa sababu mdudu huanzia pembezoni, na ziwe juu kidogo ya majani. Viazi vikirefuka, nyanyua kadi. Kadi iliyomezwa na majani hainasi kitu, na karatasi yako itasema shamba ni salama. Weka angalau moja kila upande, zibadilishwe kila wiki. Kadi yenye vumbi ni sawa na kutokuwa na kadi.

Hata hivyo kadi inakuambia nani anapita, haikuambii nani amefanya makazi. Kwa hilo, chuma majani. Nenda sehemu 10 kwenye mistari ya nje, kila sehemu chukua majani 10 yaliyokomaa kutoka katikati ya mmea, si ya juu wala ya chini. Geuza kila jani. Mayai ni ya njano ya machungwa, marefu kidogo, na kila yai limesimama juu ya kikonyo kifupi kwenye ukingo wa jani. Ni madogo, milimita 0.3 hivi, kwa hiyo inua jani ulielekeze kwenye jua, utaona ukingo umeota kama taa ndogo juu ya nguzo. Matunutu, yaani watoto wao, ni bapa, wamelala kwenye jani kama magamba, na wana nywele fupi kuzunguka mwili. Hapa watu wengi huwachanganya na watoto wa nzi mweupe. Jaribio ni rahisi: msukume kwa ncha ya unyasi. Tunutu wa silidi anatembea. Wa nzi mweupe amejibandika, hasogei. Na ukikuta chembechembe nyeupe zimetapakaa kwenye majani kama umenyunyiza chumvi au sukari, hicho ni kinyesi chao. Mara nyingi utakiona kabla hujawaona wenyewe.

Kasi yao inategemea joto. Wanastawi nyuzi 26 au 27. Ikifika 32 wanataga kidogo na wengi hufa, na 35 hawazaliani. Yai huanguliwa ndani ya siku 3 hadi 7, tunutu hukomaa kwa wiki mbili hadi tatu, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa. Hesabu mwenyewe vizazi vinavyoingia kati ya Julai na Septemba.

Sasa la dawa kuzidisha wadudu. Inawezekana, na inafahamika. Dawa nyingi za jamii ya pareto ya viwandani huua mdudu aliyeguswa juu ya jani, huku matunutu wakiwa wametulia chini yake. Zinachoua vizuri ni maadui wa silidi: wale mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa, kunguni wawindaji, na nyigu wadogo wanaotaga kwenye matunutu. Unaondoa polisi, mwizi anabaki. Vidukari na utitiri nao huongezeka kwa njia hiyo hiyo. New Zealand waliona thamani ya maadui hawa kiasi kwamba mwaka 2017 walianza kumwachia mashambani nyigu mdogo *Tamarixia triozae*, ambaye kazi yake ni kutaga kwenye matunutu ya silidi.

Jambo la kuelewa ni kwamba silidi mwenye bakteria anaambukiza ndani ya saa chache tu za kufyonza, na hubaki na bakteria maisha yake yote. Kwa hiyo dawa inayomuua kesho kutwa imechelewa kwa mmea ule. Lengo la kupiga dawa ni kuzuia asizae wajukuu shambani. Hii ndiyo sababu mpango mzuri unalenga mayai na matunutu. Huanza na dawa ya kufyonzwa na mizizi wakati wa kupanda, kama imidaklopridi au thiamethoksamu, ambayo nguvu yake hupungua kadiri msimu unavyosonga. Kadi zikianza kunasa, zinafuata dawa za majani. Spirotetramati hufaa mapema, wadudu wakiwa wachache, kwa kuwa huua matunutu polepole. Inahitaji kuchanganywa na kimiminika cha kusaidia kupenya jani, ukikisahau imekaa juu ya nta ya jani haifanyi kazi. Abamektini huua matunutu na waliokomaa pia, lakini mwanga wa jua huivunja, kwa hiyo ipigwe jioni.

Usirudie kundi moja la dawa. Kila lebo ina namba ya kundi: imidaklopridi na thiamethoksamu ni 4A, abamektini 6, spirotetramati 23. Aliyepiga 4A wakati wa kupanda asirudi na 4A kwenye majani. Huko Texas na Mexico silidi wameshazoea dawa za kundi hilo kwa namna hii hii ya kurudiarudia. Kipimo fuata lebo, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Tazama pia karatasi ya rangi: kuna vikaratasi vinavyobadilika rangi vikiguswa na maji. Vibane chini ya majani ya katikati kabla ya kupiga. Vikibaki na rangi yake, dawa imeoga juu tu. Ongeza maji au shusha mwendo wa trekta.

Usiache kukagua mwishoni mwa msimu kwa kudhani yaliyobaki ni kuvuna tu. Kiazi kilichoambukizwa wiki za mwisho kinaweza kutoka ardhini kikiwa safi, michirizi ikajitokeza ghalani.

SWALI: Nalima waru hapa Ol Kalou, Nyandarua. Nimeona video ya huo ugonjwa wa kuchora viazi. Kwangu mimea inanyauka mchana ikiwa bado kijani, baada ya siku chache inakufa. Nimepiga dawa ya wadudu mara tatu. Je, ndio huo? — Mama mkulima, Ol Kalou

JIBU: Hapana, mama. Na hiyo dawa ya wadudu usinunue ya mara ya nne.

Ugonjwa wa michirizi ulionekana kwanza karibu na Saltillo, Mexico, mwaka 1994, ukafika Texas mwaka 2000, New Zealand ukatambuliwa 2008, na mwaka 2011 ukaingia Idaho, Oregon na Washington. Silidi wa viazi hajaripotiwa Afrika Mashariki. Dalili zako pia ni tofauti. Mmea wa michirizi huwa njano au zambarau na kujikunja taratibu. Wako unanyauka ghafla ukiwa kijani, kama umekatiwa maji. Huo ni mwenendo wa mnyauko bakteria, *Ralstonia solanacearum*. Huyu anaziba mishipa ya maji, na haletwi na mdudu wa majani. Anakuja na mbegu, udongo, maji yanayotiririka, jembe na viatu.

Hakikisha leo hii kwa glasi. Chukua glasi angavu yenye maji safi. Kata kipande cha shina la mmea unaonyauka, sentimita 5 hivi, kutoka karibu na ardhi. Kining'inize ili ncha iliyokatwa iguse maji, na usitikise meza. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka polepole kutoka kwenye ncha ile, ndiye yeye. Zisiposhuka, fikiria kitu kingine, pengine kuvu wa mizizi au ukame. Ukikata kiazi utaona duara la kahawia karibu na ganda, na ukikibana hutoa ute. Kiazi kikitoka ardhini na udongo umeng'ang'ania kwenye macho, sababu ni ute huohuo.

Ikithibitika, ng'oa mmea pamoja na viazi vyake vyote na udongo uliouzunguka, utie kwenye gunia, utoe shambani. Usiutupe kwenye mboji, mfereji, wala usiwape ng'ombe halafu ukarudisha samadi ile kwenye viazi. Shimo lile litie majivu au chokaa, na maji yasipite hapo kwenda chini. Jembe na kisu vioshwe udongo kwanza, kisha vitiwe kwenye mchanganyiko wa sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 9 za maji. Jiki juu ya udongo haisaidii, kwa maana udongo huimaliza nguvu kabla haijagusa chuma.

Kipande hicho kikae angalau misimu mitatu bila viazi, nyanya, pilipili, biringanya wala tumbaku. Panda mahindi, ngano, shayiri, kitunguu au kabichi. Viazi vinavyojiotea vyenyewe katikati ya mahindi ving'oe kila wiki. Kila kimoja ukikiacha kinafuta msimu mzima wa kungoja. Wakulima wengi huanguka hapa: wanabadilisha mazao kwa uaminifu, lakini wanaona huruma kung'oa viazi vya bure.

Na mbegu. Tunajua wengi mnachagua mbegu kwa kuweka vijiti kwenye mimea yenye afya kabla haijakomaa, mnavuna hiyo peke yake. Ni njia nzuri dhidi ya virusi. Kwenye shamba lenye mnyauko usiitumie, kwa kuwa mmea unaopendeza leo unaweza kuwa na bakteria kimya, hasa kwenye baridi ya miinuko kama ya kwenu. Nunua mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo ya KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua afya ya mimea. Kama pesa haitoshi eneo zima, nunua kidogo uizidishe kwenye kipande kisichowahi kuwa na viazi.

SWALI: Shikamooni. Mimi nakaanga krispi za kuuza Mwenge, Dar es Salaam. Gunia moja linatoka zuri, la pili krispi zinakuwa kahawia na chungu. Kuna mtu kaniambia ni ugonjwa wa zebra umefika. — Mjasiriamali, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, dada. Tandaza krispi zako mezani uzitazame rangi ilivyokaa. Kama rangi imesambaa sawasawa, au imekolea pembeni, hiyo ni sukari iliyozidi kwenye kiazi, na siyo ugonjwa wa michirizi. Ule huchora mistari inayotoka katikati kama spoki za baiskeli.

Sukari huzidi kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni viazi kuvunwa vichanga. Visugue kwa kidole gumba. Ganda likichubuka kwa wepesi, havijakomaa, usivichukue kwa ajili ya krispi. Ya pili ni baridi. Kiazi kilichokaa chini ya nyuzi 8 hugeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo aliyeviweka kwenye chumba cha baridi ili visioze ameviharibu kwa kikaango chako. Vikikaa nyuzi 15 hadi 20 kwa wiki mbili au tatu, sehemu ya sukari hurudi. Kwa joto la Dar hilo ni gumu, vitaoza kabla, basi ni heri umuulize muuzaji viazi vimetoka shamba gani na lini.

Kabla ya kulipia magunia, omba viazi vitano kutoka magunia tofauti, vikate, vikaange hapo hapo. Kama umeshanunua, vipande vilowe kwenye maji ya nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika mbili au tatu, suuza, kausha kabisa kwa kitambaa, kisha kaanga kwa mafuta yasiyozidi nyuzi 175. Sukari nyingi itabaki kwenye maji. Zile zilizokwisha kuwa kahawia nzito usiziuze. Pamoja na uchungu, rangi hiyo huambatana na akrilamaidi nyingi, kemikali isiyofaa mwilini. Kiazi chenye kijani kwenye ganda nacho kitenge, uchungu wake una sababu nyingine, nayo ni sumu.

SWALI: Ndugu yangu yuko Texas, ameahidi kuniletea kwenye begi kilo mbili za mbegu ya viazi inayozaa sana. Niko Njombe. Ina shida? — Kijana mkulima, Njombe

JIBU: Ina shida kubwa, kijana wetu, na tunakuomba umpigie simu leo umwambie asilete. Kuingiza mbegu ya viazi bila kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, ni kosa kisheria, na sheria hiyo ina sababu. Ugonjwa wa michirizi wenyewe hausafiri kirahisi kwa mbegu, lakini kiazi kinabeba mengi: virusi, bakteria wa aina nyingine, na minyoo ya mizizi ndani ya punje ya udongo iliyojificha kwenye jicho. Kenya iliripoti minyoo-mfuko ya viazi, *Globodera rostochiensis*, mwaka 2015. Mfuko wa mayai ya mnyoo huyo unaweza kukaa hai ardhini zaidi ya miaka 20 ukingoja viazi vipandwe. Hakuna mkulima wa huko aliyekusudia kumkaribisha.

Zaidi ya hayo, mbegu ya Texas imechaguliwa kwa siku ndefu za jua na udongo wa kule. Uyole, Mbeya, hapo jirani yako, kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, kinachoshughulika na viazi vya nyanda zenu. Waulize aina zinazostahimili baka jani chelewa, kwani Njombe adui wa kwanza ni huyo.

SWALI: Hapa Muheza tunalima machungwa. Miti inakuwa na majani ya njano mabaka mabaka, machungwa madogo yaliyopinda na ya kijani upande mmoja. Nimesikia bakteria wake ni ndugu wa huyo wa viazi. Kweli? — Msomaji, Muheza

JIBU: Kweli, na ni swali zuri. Ugonjwa wa kijani wa machungwa unaletwa na Liberibacter wengine, nao pia husafiri kwa silidi. Mti ulioambukizwa hauponi, kama kiazi kilivyo.

Silidi wa Kiafrika, *Trioza erytreae*, anapenda baridi ya miinuko. Utamjua kwa majani machanga: upande wa juu yana vinundu, na ukigeuza, chini ya kila kinundu kuna kishimo chenye tunutu ndani. Silidi wa Asia, *Diaphorina citri*, ambaye ameripotiwa Tanzania na Kenya miaka ya karibuni, anahimili joto la nchi tambarare kama kwenu na haachi vinundu. Yeye hujulikana kwa mkao. Akiwa anafyonza, kichwa kiko chini kwenye jani na makalio yameinuka juu, kama msumari uliopigwa upande. Kagua machipukizi mapya baada ya mvua, hapo ndipo wote wawili hutaga. Miche nunua kwenye kitalu kilichofunikwa wavu tu. Ukimkuta huyo wa makalio juu, mwite afisa kilimo wa kata aje amwone kwenye mti. Usimbebe kwenda naye ofisini, wala usihamishe tawi.